Paneli ya Jua na Waya wa Ardhini: Tuliyoyaona Mbalizi

Mwanachama aliyekuwapo Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hahitaji kuelezwa giza ni nini. Njia ya umeme ipitayo chini ya bahari kutoka bara iliharibika, na kwa miezi mitatu tukachambua karafuu kwa taa ya chemli. Tena Aprili 2024 gridi ya taifa ikazimika. Si ajabu basi kuwa wengi wenu mmenunua paneli ya jua ya kubeba, na sanduku lake la betri, mkaiweka nyumbani kuwa akiba.

Swali mnalotuuliza ni moja: je, paneli hii yataka ethi, yaani waya wa kuuteremsha ardhini umeme uliovuja, au haitaki?

Jibu tulikutana nalo mbali sana na mikarafuu, huko Mbalizi, kilomita chache magharibi ya mji wa Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Ile ni nchi ya mahindi, viazi na kahawa, na mvua zake, za Novemba mpaka Aprili, huja na radi. Mwenyeji wetu alikuwa na paneli ya wati 100, akiitoa uani asubuhi na kuirudisha ndani jioni. Fundi wake alipigilia nondo fupi ya shaba karibu na uzio, akaifunga kwa waya na fremu ya paneli. Nyumba nayo ina nondo yake ya ethi upande wa mita. Nondo hizi mbili hazikuunganishwa, na inveta hakuna aliyeiangalia. Mwenyeji wetu akilala usingizi mzuri. Sisi tulioziona nondo zile hatukulala.

Paneli ndogo kama ile hutoa kama volti 20 hivi, na kwa kiasi hicho hailazimu kuwa na nondo yake. Hatari ipo kwenye inveta, maana hapo umeme wa betri hugeuzwa ukawa wa volti 230, sawasawa na ule wa ukutani, nao huua. Nondo ya uzioni haimkingi mtu na hatari hiyo hata chembe. Bali yaweza kuongeza nyingine: radi ipigapo karibu, ardhi hubeba umeme, na volti za nondo moja haziwi sawa na za nondo ya pili. Tofauti hiyo hutafuta njia ya kupita, na sanduku la betri lililochomekwa ukutani kuchaji ndilo njia yenyewe.

Kwa hiyo paneli ya kubeba msiipigilie nondo ya peke yake. Ikiwa inveta ina skurubu ya ethi, fuateni kitabu chake, na waya wake uende kwenye ethi ile ile ya nyumba. Aliyekwisha kuifunga paneli juu ya paa, huyo jambo lake ni jingine: fremu iunganishwe na ethi ya nyumba kwa waya wa shaba, na fundi aikwangue kwanza alumini mahali pa kufungia, kwani ngozi yake ya juu haipitishi umeme. Tena shaba isigusane na alumini moja kwa moja. Kwa chumvi ya hewa yetu kiungo hicho huliwa upesi. Washa ya chuma kisichoshika kutu yafaa iwekwe katikati.

Na ethi ya nyumba yenyewe je, ni nzima? Mbalizi wakati wa kiangazi udongo hukauka, na nondo fupi katika udongo mkavu ni kama pambo. Kwetu, mashamba ya karafuu yana udongo wa kina na nondo huzama vizuri. Lakini mwenye nyumba uwandani, Makunduchi au Micheweni, hukuta jiwe la matumbawe karibu tu na uso wa ardhi. Hapo fundi hana budi kuchimba mfereji na kuulaza waya wa shaba humo, kisha apime kwa chombo. Asiyepima anabahatisha.

Wapo pia wachomekao inveta kwenye soketi ya ukuta ili nyumba nzima iwake. Hili twalikataza kabisa. Umeme huo hutoka nje mpaka kwenye transfoma, ukapandishwa kuwa maelfu ya volti, na juu ya nguzo yupo kijana wa watu akitengeneza waya anaodhani umekufa. Atakaye kuwasha nyumba nzima afungiwe swichi ya kubadilishia njia, tena na fundi mwenye leseni.

Mwisho, ethi haizuii radi. Siku ya kuanika, mawingu yakianza kujikusanya, paneli ichomolewe na iingizwe ndani pamoja na majamvi ya karafuu. Ngurumo ikishasikika, iacheni uwanjani iloe.