Ujira wa Kibarua si Sadaka

Wako wadhanio kwamba kukosa kazi ni ugonjwa wa mijini, wa watu wa bandarini na viwandani peke yao. Sisi twasema sivyo. Huko Masakta, wilayani Hanang, kazi hufuata mvua. Shamba likisha kuvunwa, kibarua hukunja mikono. Na kabla ya mavuno mengine, ghala lake huwa tupu. Hakuachishwa kazi na tajiri yeyote, wala hana barua ya kuonyesha. Njaa yake, hata hivyo, ni ile ile ya mwenzake wa mjini.

Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 iliweka fao la kukosa ajira. Mtumishi aliyechangia miezi 18 au zaidi, akapoteza kazi bila kujiuzulu, alipewa haki ya theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Ni jambo jema, nasi twaliunga mkono. Lakini kibarua wa Masakta hana mfuko aliochangia, kwa hiyo fao hilo halimhusu.

Mwaka 2022 bei zilipopanda duniani, Serikali ilitoa ruzuku ya mafuta, kisha ya mbolea. Mkulima alishukuru. Je, asiye na shamba alinunua mbolea ya nini?

Basi msaada uliomfikia mtu wa namna hiyo kwa jina lake ni ule wa TASAF, wa mpango wa kunusuru kaya maskini uliozinduliwa mwaka 2012. Pamoja na ruzuku, mpango huo uliweka ajira za muda: kuchimba malambo, kutengeneza barabara za vijijini, kupanda miti, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, yaani shilingi 138,000 kwa siku zote 60. Awamu ya pili, iliyozinduliwa mwaka 2020 na kukusudiwa kufika kila kijiji, iliufanya shilingi 3,000, yaani 180,000. Fedha hizo si nyingi, lakini zilitoka katika jasho, na lambo lilibaki kijijini.

Hapo ndipo penye fundisho. Mwaka 1983, uchumi wetu ulipokuwa taabani, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Wasio na kazi walikamatwa Dar es Salaam wakapelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini. Mtu hapati kazi kwa kupakiwa katika lori. Huipata penye kazi ya maana na ujira wa kueleweka. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe jembe umwache bila chakula.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, kazi hizo zichaguliwe na mkutano wa kijiji, maana wanakijiji ndio wajuao ni wapi ng'ombe hukosa maji na ni wapi mvua hukata barabara. Pili, kiwango cha ujira kifuate bei ya unga, kisikae miaka mingi mahali pamoja huku debe la mahindi likipanda. Tatu, na hili ndilo kubwa, ujira ulipwe kwa wakati. Kibarua akicheleweshewa malipo hukopa. Akikopa, hulipa kwa mahindi yaliyo bado shambani, kwa bei apendayo mkopeshaji. Hivyo msaada uliokusudiwa kumwokoa humtia mikononi mwa mnyonyaji. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ndugu wafanyakazi, ninyi mlio na vyama vya kuwatetea, msimsahau mwenzenu asiye na chama. Nanyi viongozi wa vijiji na wilaya, mnaposaini karatasi za malipo, kumbukeni kwamba mnalipa deni la Taifa kwa mtu aliyekwisha fanya kazi yake. Hamgawi sadaka.