Tuwarekodi wapiga ala wetu wangali hai
Juma Bhalo alitutoka 2014, Zein l'Abdin akafuata 2016, Mungu awarehemu. Majina yao twayajua. Je, waliowapigia fidla na dumbaki ni kina nani? Ndiyo maana napanga podikasti ya mahojiano na wapiga taarab wasiojulikana.

Nitamfuata mzee nyumbani kwake baada ya alasiri. Feni tutaizima, maana mvumo wake humeza sauti. Simu nitaiweka karibu naye. Sitaanza na sifa, nitamuuliza: chombo hiki ulifunzwa na nani? Akitaja jina, nitaandika. Bila idhini yake sitatoa kitu, na nakala watabaki nayo wanawe.

Ndugu msomaji, kama mtaani kwako yuko aliyekuwa akipiga harusini, kamuulize wiki hii.