Kona ya Sinki Iliyoishika Sumaku

Katika Mabatini, jijini Mwanza, chini ya majabali yaliyopandwa na nyumba hadi juu, mzee mmoja mnunuzi wa skrepa huamua mali yake kwa kipande cha sumaku kilichobanduliwa katika spika mbovu: kinachonaswa ni chuma, na bei yake ni duni, kisichonaswa hutazamwa rangi na uzito, kikahukumiwa kuwa shaba, aluminiamu au stenlesi, kisha kikapanda mizani kwa thamani nyingine.

Nisingekawia kwake lau si sinki la jikoni alilokuwa akilipima. Alipoipitisha sumaku juu ya ubapa wake haikunasa kitu; alipoifikisha penye kona, pale bamba lilipokunjwa na mashine kiwandani, ikavutwa, si kwa nguvu, bali kwa yakini, hata mkono wake ukasita. Bamba ni moja, madini ni yale yale, ilhali tabia ni mbili. Mzee akanieleza kwa upole kwamba jambo hili analijua siku nyingi, kwamba vijana wageni wa kazi hulitupa sinki kama hilo katika fungu la chuma wakamtia hasara, na kwamba huwafundisha wapime katikati kwanza ndipo wapime pembeni. Sababu yake hajapata kuelezwa. Yeye hudhani kukunjwa hukiamsha chuma kilicholala ndani.

Dhana hiyo haiko mbali na haki. Stenlesi ya namna hiyo ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na nikeli, na nikeli ndiyo izifanyayo atomu zikae katika mpango usiovutwa na sumaku. Bamba likikunjwa kwa nguvu, baadhi ya atomu hujipanga upya kwa pamoja pasipo kuyeyuka, kama askari waliogeuzwa kwa amri moja, na mpango huo mpya, uitwao martensaiti kwa jina la Mjerumani Adolf Martens, huvutwa.

Nilipomsimulia kwamba mwaka 1903 Mjerumani mwingine, Friedrich Heusler, alitangaza kuwa shaba, manganizi na aluminiamu, ambazo sumaku hainasi hata moja peke yake, zikichanganywa kwa kadiri maalumu hunaswa, mzee aliniomba nirudie. Atomu za manganizi tupu hupingana kisumaku. Zikitengwa kwa nafasi ifaayo huelekea upande mmoja. Katika ukoo huo mmetoka mchanganyiko wa nikeli, manganizi na galiamu, ambao mwaka 1996 Kari Ullakko na wenziwe, huko Marekani, walionyesha kuwa hubadili umbo kwa amri ya sumaku. Baadaye vikapatikana vipande vinavyorefuka karibu sehemu 1 katika 10. Galiamu ikibadilishwa kwa indiamu, sumaku kali yaweza kuugeuza mpango wa atomu, na ukinzani wa umeme ukashuka kwa zaidi ya nusu.

Nikeli tunayo, Kabanga wilayani Ngara, magharibi ya ziwa letu, na natamani maarifa yake nayo yawe yetu. Mzee alitaka kujua mbona mali ya michanganyiko hiyo hajaiona sokoni. Nikamjibu kuwa huvunjika upesi, na kuwa ile ya indiamu yaweza kutengenezwa hata ikatae sumaku asubuhi ya baridi na kuikubali adhuhuri ya jua. Akaniuliza, basi, kitu hicho kikichakaa kikaletwa mizanini kwake, atakipima saa ngapi, na kwa bei ya nini.