Wali Kushikana Si Makosa Kila Mara

Hapa kwetu sheria ya wali inajulikana: chembe zichambuke. Pishori ya Mwea ikitoka bokoboko, mpishi huchekwa. Lakini kule Milano, kaskazini mwa Italia, wali wa risoto uliochambuka ndio huchekesha watu! Risoto ni wali laini wenye urojo mzito, na pale Milano aghalabu huliwa na nyama ya muundi wa ndama juu yake. Je, tofauti inatoka wapi? Jibu ni wanga.

Kila chembe ya mchele ina wanga. Sisi huuosha mchele mpaka maji yatakate, kisha tukaufunika bila kuukoroga. Hivyo wanga wa nje huondoka na chembe hazigandani. Waitaliano hufanya kinyume. Huchagua mchele wenye chembe nene, kama Arborio au Carnaroli, hawauoshi hata kidogo, na huukoroga. Chembe zikisuguana, wanga huingia kwenye supu ukaifanya nzito. Urojo ule huanza hivyo, hata kabla ya kutia siagi.

Basi tupike chakula cha watu wanne. Anza na nyama, kwa sababu nyama husubiri lakini risoto haisubiri mtu. Chukua vipande vinne vya muundi vilivyokatwa pamoja na mfupa, unene wa sentimita 4 hivi. Vipake unga wa ngano, vikaange hadi viwe rangi ya kahawia, kisha utie kitunguu, karoti na supu. Funika, uache kwa moto mdogo muda wa saa moja na nusu au mbili. Waitaliano huita nyama hii ossobuco, maana yake mfupa wenye tundu. Usiutupe uboho ulio ndani, ndio utamu wenyewe!

Nyama ikilainika, geukia wali. Kaanga kitunguu kidogo katika siagi, tia gramu 320 za mchele mkavu, ugeuze dakika mbili. Wenyewe hutia divai nyeupe. Asiyetumia pombe atie supu tu. Sasa ongeza supu ya moto, upawa mmoja mmoja, huku ukikoroga kwa mwiko. Ikikauka, ongeza tena. Mbona ya moto? Kwa sababu supu baridi huishusha sufuria joto, na wali unakosa kuiva sawasawa. Zafarani iliyorowekwa huupa rangi ya dhahabu. Andaa supu kama lita moja na robo.

Baada ya dakika 17 au 18, onja. Chembe iwe laini nje na ngumu kidogo katikati. Epua, kisha utie siagi baridi na jibini iliyoparuzwa, ukoroge kwa nguvu. Tikisa sahani: wali ukitembea kama wimbi, umefaulu, ukisimama kama ugali, ongeza supu. Weka nyama juu, mle papo hapo.

Wanafunzi wenzangu, tusikimbilie kusema chakula cha wengine kimeharibika. Mchele wao na lengo lao ni tofauti na letu. Pishori tuiache ichambuke, na risoto nayo ishikane. Kila ndege huruka na ubawa wake.