Kwa nini vikundi vya ngoma za mashindano havidumu?

Kushindana kwa ngoma si jambo geni. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, vikundi vya beni, Marini na Arinoti, vilienea Tanganyika vikiwa na sare na vyeo vya kijeshi. Wanachama walichanga, kisha karamu za kumzidi mpinzani zikamaliza mfuko.

Kikundi cha Mnero, Nachingwea au Ruangwa kina mzigo uleule: ngozi ikipasuka inunuliwe nyingine, nauli ilipwe, wapigaji wale. Kazi nyingi huja baada ya mavuno, wakati wa jando na unyago. Miezi mingine mfuko mtupu, vijana wanakwenda mjini, spika ya kukodi inachukua nafasi.

Kijiji jirani nacho kikiacha, utashindana na nani? Kinachodumu ni kile kinachochanga hata msimu usio na ngoma.