Nani atampa mgeni uzoefu wa hapa?



Injili ya Jumapili hii ya 25 ya Mwaka A inatupeleka sokoni. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja jioni, jua likikaribia kuzama. (Waswahili tunahesabu saa kama Injili inavyohesabu, kwa hiyo hatuhitaji padri wa kutueleza.) Kwa miaka mingi nimeihubiri Injili hii nikikimbilia kwenye malipo: kwa nini wa mwisho alipwe sawa na wa kwanza? Leo naomba tubaki sokoni kidogo, na wale wa saa kumi na moja. Mwenye shamba anawauliza kwa nini wameshinda pale bila kazi. Jibu lao ni fupi: hakuna aliyewachukua. Injili haisemi kwamba ni wavivu, wala kwamba hawajui kupogoa mizabibu. Walikuwepo tangu mapema na mikono yao wanayo.

Hapa Msasani, Tukuyu, yupo mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo ambaye binti yake ni muuguzi. Alimsomesha kwa kuuza ndizi na maziwa. Binti akafanya kazi wodi ya wazazi miaka minane, kisha akaolewa na kuhamia Kanada, katika jimbo la Ontario. Mwaka wa kwanza mama aliomba Misa ya shukrani. Mwaka wa pili akaomba Misa ya maombezi. Mwaka wa tatu hakuomba Misa. Alikaa mlangoni mwa sakristia akisubiri watu waondoke, kisha akaniambia, "Baba Paroko, mwanangu anaogesha wazee."

Nilimjibu kama padri anavyotegemewa kujibu, kwamba kumwogesha mzee ni kazi takatifu. Akasema, "Najua, Baba. Mama mkwe wangu nilimwogesha miaka minne. Lakini mwanangu amepokea watoto wa nusu ya mtaa huu. Ile mikono imesahau?"

Haijasahau. Kule uuguzi una leseni, na chombo kinachoitoa kinataka elimu ithibitishwe, mtihani ufaulu, lugha ijulikane, na tena uthibitisho kwamba mtu ameuguza katika miaka ya karibuni. Hapo ndipo mgeni anapokwama. Huku akisubiri karatasi anatafuta kazi yoyote ili watoto wale, na kila mwezi anaokaa nje ya wodi unauzeesha ule uthibitisho. Akiomba kazi nyingine ya hospitali anaulizwa kama ana uzoefu wa Kanada. Hana. Ataupata wapi? Kazini. Na kazi je? Inataka uzoefu wa Kanada. Kijana wa hapa nyumbani aliyemaliza chuo na kukutana na tangazo linalodai uzoefu wa miaka mitatu anaujua mzunguko huu bila kupanda ndege.

Niwatendee haki watu wa Ontario, maana wameliona kosa lao. Mwaka 2013 Tume yao ya Haki za Binadamu ilitoa sera ikisema kwamba kung'ang'ania uzoefu wa Kanada pasipo sababu ya kweli ni ubaguzi. Mwaka 2022 ulianzishwa mpango wa kuwaweka wauguzi waliosomea nje katika hospitali za jimbo hilo, wafanye kazi chini ya usimamizi wa muuguzi mwenyeji, ili wapate ule uthibitisho unaodaiwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 na kuanza kutumika Januari 1, 2026 inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi kuweka uzoefu wa Kanada kuwa sharti katika tangazo la kazi.

Nilipomsomea mama habari hizi alinitazama kama waumini wanavyonitazama nikisoma waraka mrefu wa maaskofu. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Sheria inamkataza mtu asiandike. Inamkataza asiwaze?"

Niliiwaza Kanada kwa uchungu siku mbili tatu, nikatayarisha na maneno ya kuhubiri. Ndipo nikalikumbuka jiko letu.

Tulikuwa tunajenga jiko la parokia. Kuta zilipofika usawa wa lenta, alikuja mtu na zana zake ndani ya gunia. Alitoka Karonga, Malawi, amemwoa binti wa hapa, na vibali vyake vya kuishi na kufanya kazi vilikuwa sawa, alituonyesha. Aliingia akisema "Mugonile", na hakuna aliyeshtuka, maana Kingonde na Kinyakyusa ni lugha moja iliyolelewa katika nyumba mbili. Kilichotutenganisha ni mto Songwe, uliofanywa mpaka mwaka 1890 na Waingereza na Wajerumani ambao hawakumuuliza mtu wa upande wowote. Alitaka kazi ya kupaua.

Kamati ya ujenzi ikamuuliza amepaua wapi. Akataja nyumba, akataja shule, akataja ghala la mpunga. Mwenyekiti akauliza, "Na hapa Tukuyu?"

"Bado."

"Basi."

Mimi nilikuwa mezani pale. Ningeweza kusema neno. Mgeni akanigeukia, akaniuliza kwa upole, "Baba, nitaupata wapi uzoefu wa Tukuyu kama watu wa Tukuyu hawanipi kazi?" Nikamjibu kwamba Mungu atafungua mlango. Ufunguo wa lile jiko ulikuwa mfukoni mwangu.

Alikubali kazi ya kubeba kokoto na kuchanganya zege, kwenye jengo lile lile. Siku mafundi wetu walipopandisha kenchi nilimwona amesimama na ndoo, anatazama juu. Aliniona ninamwona. Akaendelea na ndoo yake.

Sasa, mpendwa msomaji, tusimlaumu mwenyekiti haraka. Swali lake lilikuwa na ukweli ndani yake. Karonga ni joto la pwani ya ziwa. Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, mvua ni jirani wa kila siku, na kuna miezi ambayo shati halikauki. Mbao yetu inakunywa maji, bati linaota ukungu, na paa lenye mwinamo mdogo litakuadhibu kabla ya Krismasi. Ufundi unasafiri na mtu, lakini mvua ya mahali haisafiri, lazima uikute pale inaponyesha. Hata muuguzi wetu anakiri kwamba kule dawa zina majina mengine, mashine ni nyingine, na mgonjwa anayesema yuko sawa huenda hayuko sawa. Kuna mambo ya kujifunza kwa kweli.

Swali ni yanajifunzwaje, na kwa gharama ya nani. Wamisionari wengi waliokuja kwetu hawakujua Kiswahili waliposhuka. Walipelekwa kwenye shule ya lugha, kama ile ya Makoko kule Musoma, wakapewa mwalimu, kitanda, chakula na muda. Halafu wakawekwa chini ya padri mwenyeji wa mambo, wakaharibu mahubiri kadhaa, watu wakacheka, wakazoea. Hakuna aliyewaambia, "Rudini mtakapokuwa na uzoefu wa Musoma."

Mtume Paulo naye alifika Korintho akiwa mgeni. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunasoma kwamba aliwakuta Akila na Prisila. Akila alizaliwa Ponto, nao walikuwa wametoka Italia karibuni, kwa sababu Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke Roma. Wenyewe ni wageni, wamefukuzwa, pengine hata wateja bado hawajawa wengi. Wakampokea Paulo nyumbani mwao akafanya kazi pamoja nao, kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja, kushona mahema. Luka hasemi kama walimuuliza alishona mahema ya nani hapo mjini. Nadhani walimwekea turubai mbele wakatazama mishono yake. Fundi humjua fundi kwa mkono.

Nasi watu wa Rungwe tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Babu zetu walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakavuka hadi Ukanda wa Shaba, wengine hadi migodi ya Afrika Kusini. Kule chini walifundishwa Kifanagalo ili waelewe amri, maana mgodi uliwahitaji na ulikuwa na haraka. Lakini tangu sheria ya mwaka 1926 vyeti vya ufundi wa migodini, kikiwemo cha kulipua baruti, vilifungwa kwa Waafrika. Mtu angeweza kukaa mgodini miaka na miaka, akaujua mwamba kwa sauti yake, na bado karatasi ikaandika kwamba hana ufundi. Uzoefu alikuwa nao tele. Aliyetakiwa kuukubali alikuwa amezibwa macho na sheria.

Papa Pius XII, katika Katiba yake ya Kitume Exsul Familia ya mwaka 1952, aliiweka Familia Takatifu huko Misri kuwa mfano wa kila familia iliyohama. Mara nyingi tunamchora Yosefu akiwa njiani na punda. Mimi siku hizi namwona amefika, ana msumeno, anapita mlango kwa mlango katika mji wa Misri, na kila mlango unamuuliza amemtengenezea nani meza hapa. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba anayefanya kazi nchi ya ugenini asiwekwe chini ya wengine katika haki za kazi kwa sababu tu ya ugeni wake. Hili nililisoma seminarini, nikalifanyia mtihani, nikafaulu vizuri. Kisha nikakaa kwenye kamati ya jiko.

Siandiki haya kuwaomba mvunje sheria. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya ajira za wageni ina taratibu zake, na mwajiri anatakiwa kuonyesha kwamba alimtafuta kwanza Mtanzania mwenye ujuzi huo. Vijana wetu nao wako sokoni tangu alfajiri, sijawasahau. Kwa fundi wa mtaani asiye na cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, anapimwa kwa kazi anayoifanya badala ya darasa alilokosa, na ningependa kila parokia iutangaze baada ya Misa kama inavyotangaza harambee. Ninachozungumzia ni pale ambapo sheria imeshamruhusu mtu na sisi bado tumemzuia kwa neno "bado".

Usiku mmoja yule binti alinipigia simu. Kule kulikuwa mchana. Amepata nafasi katika ule mpango wa kufanya kazi chini ya usimamizi. Muuguzi mmoja mwenyeji, mwanamke wa makamo, alikubali kumsimamia, ingawa zamu zake zitakuwa nzito zaidi, maana kila kitu anapaswa kukitazama mara mbili. "Baba, siku ya kwanza aliniuliza nimezalisha akina mama wangapi. Nikamwambia niliacha kuhesabu. Akanipa glavu." Alinyamaza, nikasikia analia. Mtihani bado uko mbele, na hajui kama atafaulu.

Asubuhi yake nilimfuata mzee anayetupaulia majengo ya parokia, nikamweleza juu ya mtu wa Karonga. Nilitegemea akatae. Alicheka hadi akakohoa. "Padri, unafikiri mimi nyundo nilifundishwa na nani? Na mzee aliyetoka Nyasa." Sikushangaa sana baadaye nilipokumbuka kwamba Wamisionari wa Livingstonia, upande ule wa ziwa, walikuwa na chuo cha ufundi tangu mwaka 1894, na maseremala wao walisambaa nchi nyingi za kusini. Mzee akaweka sharti moja: kwenye mwinamo wa paa neno la mwisho ni lake.

Nilirudi kwenye kamati. Haikuwa rahisi, na mjumbe mmoja hanisalimii vizuri mpaka leo. Tuliwapa wawili hao nyumba ya katekista wa kigango, vyumba viwili na baraza. Walifanya kazi wiki mbili. Siku ya tatu mzee alimfungulisha kenchi nzima na kuianza upya kwa sababu ilikuwa imelala mno. Siku ya tano nilimkuta mzee amechuchumaa, anachunguza namna mgeni anavyounganisha mbao pembeni, na hataki mtu ajue kwamba anajifunza.

Jumanne iliyopita ilinyesha usiku kucha. Alfajiri, kabla ya Misa, nilichukua mwavuli nikaenda kwa katekista kuangalia kama pamevuja. Nilimkuta fundi wa Karonga ameshatangulia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, kwenye giza, viatu vimelowa, shingo ameinyoosha, anasikiliza bati.