Kuumwa Kichwa Mara kwa Mara: Namna ya Kuzungumza na Daktari

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu ameandika tarehe ubaoni. Leo hatutasoma hadithi. Leo twataka kuzungumza juu ya kichwa. Si kichwa cha habari, bali hicho kilicho juu ya mabega yako, hasa kama ni kichwa kinachouma leo, kesho na kesho kutwa.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya swali ambalo huulizwa mara nyingi katika madarasa. Mtu husimama akasema: "Kichwa kinaniuma siku zote. Nikienda hospitali daktari hataki kunipa dawa ya maumivu. Aniona mwongo?" Basi tulijibu swali hilo polepole, maana lina mambo mengi ndani yake.

Tuseme yuko mama mmoja, mshona nguo, umri wake miaka 45 hivi. Tangu usichana wake kichwa humjia mara moja au mbili kwa mwezi, upande mmoja, kikipiga kama ngoma. Siku hiyo hachukuliani na mwanga wala kelele, na pengine hutapika. Maradhi hayo wazee wetu waliyaita kipandauso, na hilo ni jina lake hata leo. Lakini miaka hii miwili mambo yamebadilika. Alianza kumeza vidonge viwili siku ya maumivu. Kisha akawa anavimeza kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani, kwa kuogopa tu kwamba kichwa kitaanza na nguo za watu hazitakwisha. Sasa kichwa chamwuma karibu kila siku, maumivu mazito yasiyoondoka.

Akaenda hospitali. Akamkuta daktari kijana, na nje watu wamejaa mabenchi. Sikilizeni walivyosema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kichwa kinaniua. Nichome sindano, au nipe vile vidonge vikali."

"Umemeza dawa gani nyumbani?"

"Hizi za kawaida tu."

"Mama, dawa za maumivu sitakupa. Punguza mawazo, ukapumzike."

Mazungumzo yakaisha hapo. Mama akatoka na uchungu moyoni, na njiani akapita dukani akanunua pakiti nyingine.

Nani ana kosa? Mimi naona wote wawili, na daktari zaidi, maana yeye ndiye aliyeijua sababu ya kukataa kwake, naye akaifungia kinywani. Neno la "punguza mawazo" huambiwa wanawake upesi mno. Ni kweli kwamba mawazo na kukosa usingizi huongeza maumivu ya kichwa, lakini maumivu yenyewe ni ya kweli, na mgonjwa anastahili kuelezwa.

Basi mimi nitawaeleza alilokuwa nalo daktari moyoni. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Waganga wa upasuaji huweza kuufanyia kazi mgonjwa akiwa macho. Yanayouma ni mishipa ya damu, ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo, misuli ya kichwa na shingo, na mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu. Sasa, kwa mtu mwenye asili ya kuumwa kichwa, vidonge vya maumivu vikimezwa siku nyingi mno, mfumo huo wa kupeleka habari huwa mwepesi kupita kiasi. Fikiri mbwa wa mlinzi aliyezoea kubweka. Kwanza alimbwekea mwizi, halafu akambwekea mpita njia, na sasa jani likianguka tu anabweka. Dawa ikiisha mwilini kichwa kinaanza tena, nawe wameza tena, na mzunguko hauishi. Dawa iliyokuwa ikiponya imekuwa ndiyo inayoleta maradhi.

Hapa chukueni kalamu, mwandike hesabu hizi. Zinazohesabiwa ni siku, si vidonge. Mtu mwenye kuumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, tena ametumia parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi kwa muda wa zaidi ya miezi 3, huenda maumivu yake yanaletwa na dawa hizo hizo. Kwa vidonge vilivyochanganywa dawa mbili tatu pamoja na kafeini, na kwa dawa kali kama kodeini na tramadoli, hesabu ni ndogo zaidi: siku 10 tu kwa mwezi. Vidonge hivyo vya mchanganyiko huuzwa dukani karibu na sabuni na kiberiti, kwa hiyo watu hawavihesabu kuwa ni dawa hasa. Yule mama aliposema "hizi za kawaida tu" hakudanganya, hakujua tu.

Daktari anazo hofu nyingine pia. Dawa kali kama tramadoli huleta mazoea, hata mtu akashindwa kuishi bila hiyo, tena si dawa nzuri ya kipandauso. Ibuprofeni na aspirini huweza kutoboa tumbo kwa vidonda, na ibuprofeni na dikilofenaki huweza kuharibu figo za mtu azitumiaye bila kupumzika. Parasetamoli ni salama kwa kipimo chake, lakini mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, kwani ikizidi huharibu ini. Angalieni hapo: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na mtu huweza kupita kipimo bila kujua. Hiyo ni faida moja ya kujua kusoma maandishi madogo ya kwenye pakiti.

Haya, ukijua hayo, utakwendaje kwa daktari? Usiende mikono mitupu. Kwa mwezi mmoja kabla ya kwenda, au hata kwa wiki mbili kama huwezi kungoja, piga mistari katika daftari lako. Andika tarehe. Andika kama kichwa kiliuma: 0 kama hakikuuma, 1 kama kiliuma kidogo, 2 kama kiliuma lakini ulifanya kazi, 3 kama kilikulaza. Andika dawa uliyomeza na idadi yake. Mwanamke aandike na siku zake za mwezi, kwa kuwa kipandauso mara nyingi hufuatana nazo. Mwisho, andika kazi iliyokushinda siku hiyo. Maneno machache yatosha: "sikushona", "sikwenda shamba", "nililala gizani". Ukurasa huo mmoja utasema zaidi ya kuugua kwako mbele ya daktari, tena utasomwa kwa dakika moja, nayo dakika ndiyo kitu adimu katika chumba kile.

Jambo la pili, kusanya dawa zote unazotumia, za dukani, za jirani, za presha, za miti shamba, na vidonge vya majira kama unatumia, uzifunge katika leso uende nazo. Usifiche kitu. Wengine huficha kwa kuogopa kugombezwa, na daktari akapima kwa kibaba kisichojaa. Vidonge vya majira vina habari yake. Mwanamke ambaye kipandauso chake hutanguliwa na vimulimuli au mistari ya mwanga machoni asitumie vile vyenye homoni ya estrojeni, maana huongeza hatari ya kiharusi. Ziko njia nyingine za kupanga uzazi.

Tumrudishe sasa mama yetu hospitalini, na daftari lake mkononi.

"Shikamoo, mama. Umerudi?"

"Marahaba, baba. Nimerudi, na leo nimekuja na maandishi. Mwezi uliopita kichwa kimeniuma siku 22. Vidonge nimemeza siku 20. Siku 6 sikuweza kushona kabisa. Dawa zenyewe ni hizi hapa."

"Siku 20, mama! Hizi ndizo zinazokuumiza."

"Yawezekana. Lakini mwanangu, ukinikataza vidonge usiniache hivi hivi. Nikiacha, kichwa kikiwaka nifanye nini? Na iko dawa ya kukizuia kisije?"

Tazameni alivyosema. Hakugombana, wala hakudai sindano. Ametaja hesabu, ametaja kazi yake, na ameuliza maswali mawili ambayo daktari hawezi kuyajibu kwa neno moja. Anayeuliza ni mtu mzima mbele ya kijana, lakini kijana ndiye mwenye elimu ya jambo hili, basi kila mmoja amempa mwenziwe heshima yake. Na kama daktari angekataa tena, mama angeweza kusema: "Naomba unieleze sababu, nipate kuelewa," au, "Kama hapa hakuna dawa hiyo, naomba barua ya kwenda hospitali kubwa." Kuomba sababu si utovu wa adabu.

Majibu ya maswali yale mawili ni haya. Parasetamoli, aspirini na ibuprofeni mtu aweza kuziacha mara moja. Lakini ajue mapema kwamba kwa siku za kwanza, kama 2 hadi 10, kichwa kitauma zaidi kabla ya kupoa, pengine na kichefuchefu na kukosa usingizi. Wengi hukata tamaa hapo, wakasema daktari amewadhuru. Nafuu huanza kuonekana baada ya majuma, na huweza kuchukua miezi miwili. Tramadoli na kodeini, kinyume chake, usiziache ghafula peke yako. Daktari akupunguzie kidogo kidogo. Baada ya hapo dawa ya maumivu hairudi kuwa chakula cha kila asubuhi. Huwekwa kwa siku ya shambulio tu, imezwe mapema shambulio linapoanza na kwa kipimo kamili, si nusu kidonge na kungoja. Siku zenyewe zisizidi mbili kwa juma. Kama watapika, mwambie daktari. Iko dawa ya kutuliza tumbo ambayo humezwa pamoja nayo.

Na dawa za kuzuia zipo, tena si ghali zote. Moja ni propranololi, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa kazi hiyo ya kuzuia kipandauso. Mwenye pumu asiitumie, kwa hiyo taja pumu yako kabla hujaulizwa. Nyingine ni amitriptilini, ambayo huanza kwa kipimo kidogo, miligramu 10 au 25 usiku. Hukausha kinywa na kuleta usingizi. Hii nayo imeleta ugomvi mwingi. Mgonjwa hufika nyumbani, mtoto wake akamsomea karatasi ya dawa, wakakuta imeandikwa kwamba ni ya watu wenye huzuni kubwa. Mama akasema, "Kumbe daktari ameniona mwendawazimu!" na vidonge vikatupwa. Sivyo. Dawa ile ile kwa kipimo kidogo hutuliza mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu. Dawa hizi hazifanyi kazi siku moja. Zahitaji majuma 6 hadi 8 ndipo ujue kama zakufaa. Na mwanamke awezaye kupata mimba, akipewa valproeti, ambayo ni dawa ya kifafa inayotumika pia kuzuia kipandauso, na aulize sana, kwa sababu hudhuru mtoto tumboni.

Wengine hudai picha ya kichwa. Daktari akikupima vizuri, akaona macho, nguvu za mikono na mwendo wako ni sawa, na maumivu yako ni yale yale ya miaka mingi, kwa kawaida picha haitaonyesha kitu. Wengine hulaumu presha. Presha ni vema ipimwe, lakini kwa kawaida haiumizi kichwa ila ikipanda sana. Ndiyo sababu watu wengi wanayo bila kujua.

Ziko siku ambazo hupaswi kuandika daftari wala kungoja, bali kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Kichwa kilichouma ghafula kwa nguvu usizopata kuzisikia maishani. Kichwa pamoja na homa na shingo kukakamaa. Kichwa pamoja na mkono au mguu kulegea, kusema ovyo, kifafa, au macho kupoteza nuru. Kichwa baada ya kuanguka au kupigwa. Mjamzito mwenye kichwa kikali, kuona giza au kuvimba uso. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI akiumwa kichwa kipya kisichoondoka asicheleweshwe, kwani pengine ni kuvu iliyoingia katika ngozi za ubongo, nayo hutibika ikiwahiwa. Na mtu aliyepita miaka 50 asiyepata kuumwa kichwa hivyo zamani, akianza sasa, akapimwe. Homa pamoja na kichwa ni kupima malaria kwanza, si kumeza dawa ya malaria kwa kubahatisha.

Kazi ya nyumbani. Pigeni mistari mitano katika daftari kama mwalimu atakavyowaonyesha ubaoni: tarehe, maumivu, dawa, siku za mwezi, kazi iliyoshindikana. Asiyeumwa kichwa amwandikie mtu wa nyumbani kwake anayeumwa. Kisha kila mmoja aandike maswali mawili ambayo angemwuliza daktari, kwa maneno yake mwenyewe, na juma lijalo tutayasoma kwa sauti. Kwaherini.